Askari wa Kigeni: Waondoke au Wabaki?
Mambo ya zamani ya Kasongo na Kabambare yanayotufundisha leo



Lipo swali moja linalozungumzwa sana na watu wa nchi yetu, sokoni, barazani, na hata mbele ya kanisa baada ya Misa ya Dominika. Swali lenyewe ni hili: Majeshi ya kigeni yaliyoingia Kongo yaondoke, ama yabaki? Mmoja husema: Waende zao wote leo hii, hatujaona faida yao. Mwingine hujibu: Wakiondoka, ni nani atakayetulinda usiku? Na mara nyingi mazungumzo hayo huishia katika hasira, kwa sababu kila mtu anao wafu wake wa kuwalilia, na wafu hao hawakuuawa wote na watu wale wale.

Sisi hatutaki kuongeza kuni katika moto huo. Tunataka kutazama nyuma kidogo. Kusini ya Maniema, yaani Kasongo na Kabambare, imekwisha kuona askari wageni wa kila namna kwa muda wa miaka zaidi ya 150. Wameingia, wametoka, wameingia tena. Mtu akitaka kujua matendo ya askari mgeni anapokuja, na mambo yanayotokea anapokwenda zake, asiende mbali. Na asome nasi habari za nchi yake mwenyewe.

Wageni wa kwanza wenye bunduki

Wageni wa kwanza wenye bunduki hawakuwa Wazungu. Walikuwa wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, waliokuja kwa misafara kutoka Unguja, kwa njia ya Tabora na Ujiji, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa. Walijenga Nyangwe kando ya mto Lualaba, halafu Kasongo, na Kabambare ikawa kituo katika njia ya kwenda ziwa Tanganyika. Livingstone alikaa Kabambare muda mrefu akiugua vidonda vya miguu, na mwaka 1871 alifika Nyangwe. Tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wale wakiwapiga bunduki wanawake waliokuja sokoni na vyungu vyao na samaki zao. Wengi walijitupa mtoni wakazama. Ilisemwa kwamba waliokufa siku ile walikuwa kati ya 300 na 400.

Ni kweli kwamba watu wa pwani walituletea na mambo mengine. Kilimo cha mpunga kilienea kwa mikono yao, na hii lugha tunayoandika ilifika kwa njia ile ile. Jamaa nyingi za Kasongo ni za Waislamu, nao ni ndugu zetu na jirani zetu, wala hawana hatia kwa mambo ya karne ile. Lakini yatupasa kusema kweli: biashara ile ilisimama juu ya bunduki, na mwenye bunduki hakuombwa aje.

Mwaka 1887 Dola Huru la Kongo, lililokuwa mali ya Mfalme Leopold, lilimfanya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, kuwa liwali wa Stanley Falls. Mwanawe Sefu alikaa Kasongo. Urafiki ule haukudumu. Mwaka 1892 vita vikaanza, na Dhanis, aliyekuwa jemadari wa Dola, akaingia Nyangwe Machi 1893, akaiteka Kasongo tarehe 22 Aprili, na mwezi wa Januari 1894 askari wake wakafika Kabambare. Wenye kushinda walisema wamekuja kukomesha utumwa. Kweli, misafara ya watumwa ilikoma, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini waliokuja kufungua minyororo hawakurudi kwao. Walibaki, wakadai pembe, mpira na wapagazi, na kijiji kilichoshindwa kuvitoa kilipata adhabu.

Tena tutazame jeshi lenyewe. Wengi kati ya waliopigana upande wa Dola walikuwa watu wa Gongo Lutete, mkubwa aliyemwacha Tippu Tip na kujiunga na Wabelgiji. Mwezi wa Septemba 1893 maofisa wa Dola walimshitaki usaliti wakampiga risasi. Watu wake hawakusahau. Mwaka 1895 askari waliasi Luluabourg. Mwaka 1897 askari wa Dhanis mwenyewe waliasi katika safari ya kwenda upande wa Nili, wakiwa wamechoka kwa njaa na mateso ya njia, wakarudi kusini wakipigana. Mwaka 1898 waliikamata Kabambare, na Dola lilipata taabu kubwa kuirudisha. Vijiji vya njiani vililipa mara mbili: kwanza walipopita waasi, halafu walipopita waliowafuata.

Hilo ndilo somo la kwanza. Jeshi lililokusanywa kwa nguvu, lisilolishwa wala kutendewa haki, ni hatari hata kwa bwana wake.

Miaka 4 ya Umoja wa Mataifa

Tarehe 10 Novemba 1959 Kasongo ilifanywa jimbo kamili la Kanisa, pamoja na majimbo mengine ya Kongo. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Juni 1960, nchi ikapata uhuru. Siku 5 tu baadaye, askari wa Force Publique waliasi. Hawakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika, na jemadari wao aliwajulisha kwamba uhuru hautabadili kitu kwao. Tarehe 10 Julai Ubelgiji ulileta majeshi yake bila kuombwa na serikali. Tarehe 11 Katanga ikajitenga. Lumumba na Kasa-Vubu wakauomba Umoja wa Mataifa msaada, na tarehe 14 Julai Baraza la Usalama likawataka Wabelgiji waondoe askari wao, na likakubali kupeleka walinzi wa amani. Majeshi hayo yalifika karibu watu 20,000, kutoka Ghana, Ethiopia, Moroko, Uhindi, Sweden, Ireland, Malaya na nchi nyingine nyingi.

Je, walituletea amani? Tusiwe wepesi wa kujibu. Walizuia nchi isipasuke vipande, na Januari 1963 kujitenga kwa Katanga kulikwisha. Watu karibu 250 wa Umoja wa Mataifa walikufa katika kazi ile, na katibu mkuu wao Dag Hammarskjöld alikufa kwa ndege karibu na Ndola, Septemba 1961. Lakini hapa kwetu Maniema tuliona pia mwisho wa uwezo wao. Tarehe 11 Novemba 1961 Waitalia 13, warusha ndege wa Umoja wa Mataifa, walitua Kindu na vyakula vya askari wa Malaya waliokuwa pale. Askari wa Kongo waliwakamata wakawaua. Hawakuwa wamekuja kupigana. Na tarehe 1 Januari 1962, katika mji wa Kongolo, jirani yetu wa kusini, askari waliwaua wamisionari 20 Wakatoliki kwa siku moja. Mambo yote mawili yalitokea huku majeshi ya Umoja wa Mataifa yakiwa ndani ya Kongo. Basi, mtu asituambie kwamba kuwako kwa mgeni mwenye kofia ya buluu ni ukuta usiopitika.

Lakini na tusikie upande wa pili. Tarehe 30 Juni 1964 askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka Kongo. Muda wao ulikuwa umekwisha, na fedha zao pia. Jeshi la nchi lilikuwa bado ni lile lile la mwaka 1960, lenye mishahara ya kuchelewa na maofisa waliopandishwa kwa haraka. Nini kilitokea? Waasi walioitwa Simba walikuwa wamekwisha kuingia Uvira mwezi wa Mei na Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mwezi wa Juni. Chini ya Gaston Soumialot walishika njia ya Kabambare, na mwezi wa Julai Kasongo ikaanguka, halafu Kindu. Tarehe 5 Agosti wakaingia Stanleyville. Nusu ya nchi ilipotea kwa muda wa majuma machache. Mara nyingi askari wa serikali walikimbia kabla ya risasi ya kwanza, maana waliamini kwamba dawa ya Simba hugeuza risasi kuwa maji.

Wazee wetu walioyaona mambo ya miezi ile hawakupenda sana kuyasimulia. Katika Maniema makarani, walimu, watumishi wa serikali na watu waliosoma waliuawa kwa wingi, wengine kwa sababu tu walivaa miwani au walikuwa na kalamu mfukoni. Na waliowaua hawakutoka ng'ambo. Walikuwa vijana wa Kongo, wengi wao wasio na kazi, waliokuwa na kinyongo cha haki juu ya serikali iliyowasahau, wakageuza kinyongo hicho kuwa mauaji.

Damu iliyomwagika Fizi na Baraka

Tarehe 24 Novemba 1964 ndege za Marekani ziliangusha askari wa miavuli wa Ubelgiji juu ya Stanleyville. Waliwaokoa watu zaidi ya elfu moja waliokuwa wameshikwa mateka, na wengine waliuawa asubuhi ile ile kabla hawajafikiwa. Siku chache baadaye askari wale walirudi kwao. Wale waliosalia mbali na uwanja wa ndege walilipa kisasi cha Simba. Tarehe 28 Novemba, huko Baraka na Fizi, ng'ambo ya milima ya Kabambare, waliuawa Padre Luigi Carrara, Bruda Vittorio Faccin, Padre Giovanni Didonè na Padre Albert Joubert. Tarehe 1 Desemba, huko Isiro, aliuawa Sista Anuarite Nengapeta. Anuarite alitangazwa mwenye heri mwaka 1985, na wale 4 wa Baraka na Fizi walitangazwa huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Hatusemi kwamba haikuwa halali kuwaokoa mateka. Mtu anayezama huvutwa na yeyote aliye karibu. Twasema tu kwamba mgeni akija kwa siku 5, huja kwa ajili ya watu anaowajua. Akina mama wa vijijini, makatekista, mapadre na masista wazalendo hawamo katika hesabu yake.

Hapa tungependa kuwakumbusha wasomaji habari moja ya Padre Albert Joubert. Baba yake alikuwa Kapteni Joubert, Mfaransa, askari wa zamani wa Baba Mtakatifu Pio IX. Alikuja Tanganyika pamoja na Mapadre Weupe, akawalinda Wakristu na vijiji vya ufuko wa magharibi dhidi ya wakamata watumwa. Huyu alikuwa askari mgeni kweli kweli. Lakini hakukaa kama askari mgeni. Alioa mwanamke wa nchi hii, akalima, akawalea watoto wake hapa, akafa hapa mwaka 1927 akazikwa kati ya watu wake. Mwanawe akawa padre wetu, akafa pamoja na watu aliowahudumia. Wahenga wanasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Joubert alilipokea jembe. Ni wangapi kati ya majeshi yote yaliyopita kwetu waliokubali kulipokea?

Askari wa mshahara

Mwaka ule ule wa 1964 serikali ya Tshombe ilikodi Wazungu wapiganaji kutoka Afrika Kusini, Rhodesia, Ubelgiji na kwingineko. Mwanzoni mwa Novemba walitoka Kongolo pamoja na jeshi la taifa, na tarehe 5 Novemba wakaingia Kindu. Waliwafukuza Simba, ndiyo, lakini walipora mabenki na maduka, nao hawakutenganisha vizuri muasi na mkulima. Kwa upande wa pili, mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa na Wakuba zaidi ya 100 kuwafundisha waasi katika milima ya Fizi. Alikaa tangu Aprili mpaka Novemba, akaondoka kwa huzuni, maana aliona kwamba mtu hawezi kuwapigania watu wengine mapinduzi ambayo wao wenyewe hawajayashika.

Kisha tazameni mwisho wa wale wa kukodiwa. Julai 1967 waliigeukia serikali iliyowalipa. Chini ya Mbelgiji Jean Schramme waliishika Bukavu kuanzia Agosti, wakaiacha magofu mwezi wa Novemba walipokimbilia Rwanda. Bwana Yesu alituonya juu ya mchungaji wa mshahara, asiye na kondoo wake mwenyewe, ambaye akimwona mbwa mwitu huliacha kundi na kukimbia. Tena jambo hili si la zamani tu. Januari 2025, Goma ilipoanguka, mamia ya Wazungu wa kukodiwa, wengi wao Waromania, walisalimisha silaha zao wakapitishwa Rwanda kurudi kwao. Watu wa Goma wao walibaki.

Vita viwili vya karibu

Wengi wanaosoma ukurasa huu wanakumbuka wenyewe mambo ya mwaka 1996 na kuendelea. Laurent-Désiré Kabila, ambaye zamani alikaa katika maficho ya Fizi, alikuja na majeshi ya Rwanda na Uganda, akamwondoa Mobutu Mei 1997. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe alifanya lile ambalo wengi wanalitaka leo: mwisho wa Julai 1998 aliwashukuru askari wa kigeni akawaambia waondoke. Hazikupita siku 7. Tarehe 2 Agosti vita vipya vilianza. Rwanda, Uganda na Burundi zikaingia upande huu. Angola, Zimbabwe, Namibia na Chad zikaingia upande ule. Oktoba 1998 Kindu ikaanguka mikononi mwa RCD na Wanyarwanda, na Maniema ya kusini ikafuata.

Twajua maisha yalivyokuwa kwa miaka ile. Miji ilikuwa ya RCD, misitu na vijiji vilikuwa vya Mai-Mai. Reli ya kutoka Katanga ilisimama. Chumvi na sabuni vikawa mali ya tajiri. Mwanamke aliyekwenda shambani alikutana na hawa asubuhi na wale jioni, na wote walimdai, na wengi walimtenda ubaya ambao hatuwezi kuuandika wote hapa. Mwenye kurudi kijijini aliitwa mpelelezi wa mjini; mwenye kukaa mjini aliitwa rafiki wa adui.

Tarehe 30 Julai 2002, huko Pretoria, Rwanda ilikubali kuondoa majeshi yake. Mwanzoni mwa Oktoba ilitangaza kwamba wote wamekwisha kutoka, watu zaidi ya 20,000. Tulifurahi, na haki yetu ilikuwa kufurahi. Lakini nyumba iliachwa bila mlinzi. Katika mwezi ule ule Mai-Mai waliikamata Uvira, na baada ya siku chache RCD wakaipokonya tena. Katika Maniema mapigano na mateso ya watu hayakukoma siku askari wageni walipovuka mpaka. Yalianza kupungua baadaye, Wakongo wenyewe walipopatana Desemba 2002 na kuweka serikali moja tarehe 30 Juni 2003, na walinzi wa Umoja wa Mataifa walipokuwa wamekwisha kuwa na kituo Kindu. Kwa hiyo kuondoka kwa mvamizi kulikuwa kwa lazima, maana bila hilo mapatano yasingalikuwa na maana. Lakini hakukutosha. Na hata baada ya uchaguzi wa mwaka 2006, Kabambare haikupumzika: huko Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, vikundi vya vijana wenye silaha viliendelea kuwasumbua raia.

Goma na Bukavu

Tuje sasa katika siku za karibu. Umoja wa Mataifa ulirudi Kongo mwaka 1999, na kazi yake imeitwa MONUSCO tangu 2010. Baada ya miaka mingi watu walichoka. Mwaka 2022 kulikuwa na maandamano makali, na watu walikufa. Serikali ilidai walinzi hao waondoke, na Desemba 2023 Baraza la Usalama lilikubali mpango wa kuondoka hatua kwa hatua. Walianza na Kivu ya Kusini. Februari 2024 walikabidhi kituo cha Kamanyola, na mwisho wa Juni 2024 walikuwa wamekwisha kuondoka katika jimbo lile lote. Wakati huo huo majeshi ya Afrika ya Mashariki yalikuja mwisho wa 2022 yakaondoka Desemba 2023. Majeshi ya SADC yakafuata, na Machi 2025 wakubwa wa nchi hizo walikata shauri kuyarudisha.

Mwisho wa Januari 2025 M23, wakisaidiwa na jeshi la Rwanda, waliingia Goma. Katikati ya Februari waliingia Bukavu. Basi, msomaji mpenzi, pima mambo haya mawili. Goma ilikuwa na walinzi wa Umoja wa Mataifa na wa SADC, nayo ikaanguka. Bukavu haikuwa tena na walinzi wa Umoja wa Mataifa, nayo ikaanguka. Anayesema kwamba wageni wakibaki tutapona, Goma inamjibu. Anayesema kwamba wakiondoka tutapona, Bukavu inamjibu. Yaani tumekuwa tukibishana juu ya mgeni aliyesimama mlangoni, na hatukutazama kama nyumba ina nguzo.

Twasemaje basi?

Hatutaki kuwaacha wasomaji njia panda. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, askari aliyeingia nchi ya jirani bila kuitwa hana budi kutoka. Jambo hili halina mabishano. Si halali kusema kwamba atakaa mpaka atakaporidhika, maana mwenye kujipatia dhahabu na koltani haridhiki. Baraza la Usalama lilisema wazi tarehe 21 Februari 2025 kwamba jeshi la Rwanda liondoke Kongo, na mkataba uliotiwa sahihi Washington tarehe 27 Juni 2025 uliliahidi hilo. Nayo serikali yetu iliahidi kuwaondolea Wanyarwanda sababu wanayoitaja, yaani vikundi vya FDLR. Ahadi ni ahadi kwa pande zote mbili.

Pili, askari wa kukodiwa asiitwe kamwe. Kila fedha anayopewa ingalifaa kumlipa kijana wa nchi aliye na mama yake hapa.

Tatu, mlinzi wa amani aliyeitwa kwa sheria aondoke pia, kwa sababu hakuna nchi inayolindwa na wengine milele. Lakini aondoke kama fundi anayekabidhi kazi, si kama mtu anayekimbia mvua. Mwaka 1964 aliondoka kwa kutazama kalenda na mfuko, bila kutazama kama anayepokea ufunguo anaweza kusimama. Kasongo ilijua tofauti yake kwa muda wa mwezi mmoja.

Katika Injili Bwana wetu anasimulia juu ya pepo mchafu aliyetoka kwa mtu. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini ni tupu. Akaenda kuchukua pepo wengine 7 wabaya kuliko yeye, wakaingia wakakaa, na hali ya mwisho ya mtu yule ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Tumefagia nyumba yetu mara nyingi: 1960, 1964, 1997, 2002. Je, tumeijaza nini?

Kuijaza si kazi ya serikali peke yake, ingawa yake ni kubwa. Askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji watende nini, hakuwaambia watupe silaha. Aliwaambia wasimdhulumu mtu, na waridhike na mshahara wao. Lakini mshahara lazima ufike ndipo mtu aridhike nao. Mkubwa anayekula posho ya askari wake amekwisha kumfungulia adui mlango. Hilo lilionekana mwaka 1960, likaonekana 1964, na limeonekana tena mbele ya macho yetu.

Na sisi wa parokia tuna sehemu yetu. Mzazi asimtoe mwanawe kwa kikundi cha msituni, hata kama kinajiita mlinzi wa kijiji, maana bunduki iliyoanza kwa kulinda shamba mara nyingi imemaliza kwa kutoza ushuru njiani. Tusimwite jirani mgeni kwa ajili ya lugha ya mama yake. Jeshi la nchi nyingine ni jambo moja. Raia mwenzetu ambaye jina lake linafanana na majina ya ng'ambo ni jambo lingine, na mwenye kuyachanganya anajitayarishia damu mikononi. Tukae kwa mapatano na ndugu zetu Waislamu, kama wazee walivyofanya katika miaka mibaya. Na penye kisasi cha zamani kati ya kijiji na kijiji, wakubwa wa jumuiya wasingoje Umoja wa Mataifa waje kupatanisha.

Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake ya Aprili 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba amani husimama juu ya ukweli, haki, upendo na uhuru. Hakutaja idadi ya askari. Siku itafika ambapo askari wa mwisho wa kigeni atapanda ndege yake na kwenda zake. Tuombe siku hiyo ifike upesi. Lakini tuombe pia, na tufanye kazi, ili jioni ya siku hiyo mama wa Kabambare aweze kufunga mlango wake, kuzima taa, na kulala bila kusikiliza nyayo nje.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee. Wenye heri wa Baraka na Fizi watuombee.